Gambuti Zako Hazikupotea Uwanjani

Magogoni, Jumanne, saa kumi za alasiri

Sidi mwanangu,

Umetoka hapa saa nane kwenda Jomvu Kuu kumuaga Hawe, nyanya yako, na umetoka umenuna. Nimekuona. Umesema, "Haya Mama, nimekwenda," macho yako yakiwa kwenye simu, kisha ukalifunga lango taratibu. Mimi nakujua. Ukilibamiza lango, hasira imekwisha. Ukilifunga taratibu, bado unayo.

Babako yuko kazini bandarini mpaka saa kumi na mbili. Nyumba ni mimi na mabegi yako mawili, lile kubwa la magurudumu na lile la mkononi, yamesimama karibu na mlango kama wageni waliokataa kuketi. Nimechukua daftari lako la fizikia la kidato cha nne, lile lenye kurasa tupu huko nyuma, nikaona nikae nikuandikie kabla hujarudi tukupeleke uwanjani usiku huu. Kusema nimejaribu jana nikashindwa, nikaishia kupiga kelele.

Sikuandikii habari ya kula, kulala, kusali na kuchagua marafiki. Hayo nimekwambia kwa miaka kumi na tisa, na kama hayajaingia, hayaingii leo. Anwani ya chuo na nambari za simu babako amekuandikia kwenye karatasi iliyo ndani ya pasipoti. Habari ya baridi ya Uturuki mimi siijui, wewe ndiye uliyenisomea. Nataka kukuandikia habari ya gambuti.

Lakini kwanza nikurudishe dukani kwa Bi Zuhura, kwa sababu mambo yaliharibikia pale.

Ile ilikuwa fikira ya babako, kwamba hatuna haja ya kununua mizani ya mabegi wakati Bi Zuhura ana mizani ya kuning'iniza magunia ya nafaka. Nami nilifurahi jana, Sidi, sijui kama uliniona. Tulipopita barabarani watatu, babako na begi kubwa kichwani ingawa lina magurudumu, wewe na la mkononi, mimi nyuma nikisalimia kila mtu ili kila mtu aulize, "Safari ya wapi?" nami nijibu. Nimejibu mara kumi na moja kati ya nyumbani na dukani. Mwanangu anakwenda Uturuki kusomea uhandisi wa maji. Mtu akisikia maji, hapa Kisauni, anasimama kabisa. Yule mama wa viazi karai aliniambia, "Mwambie akimaliza aanze na mfereji wangu."

Bi Zuhura alitoka nje na kalamu yake sikioni. Ulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatazama yale mabegi.

"Mama Sidi, leo mwaniuzia nini? Mtama?"

"Tunampima Sidi, Bi Zuhura. Kesho apanda ndege."

"Basi mtundikeni yeye mwenyewe, mabegi ya nini?"

Tukacheka wote. Babako akalitundika lile kubwa, kilo kumi na tano. Wewe ulikuwa umetusomea kwenye simu sheria za tiketi yako: begi moja la kuingia tumboni mwa ndege, mwisho kilo ishirini na tatu, na moja la mkononi, mwisho kilo nane. Kwa hiyo kubwa lilikuwa na nafasi tele. Kisha akatundika lile dogo. Mshale ukapita nane, ukapita kumi, ukasimama kwenye kumi na nne.

Bi Zuhura akashangaa. "Mbona kubwa jepesi na dogo zito? Mwafungasha kinyumenyume?"

Nawe ukamjibu bila wasiwasi wowote, "Bi Zuhura, la chini huwa wanalipoteza. Walishanipotezea gambuti zangu nikiwa mdogo. Kitu changu cha maana nakishika mwenyewe."

"Wallahi watu wa ndege hawana haya," akasema Bi Zuhura. "Viatu vya mtoto!"

Babako aliniangalia juu ya mizani. Mimi nikaangalia maharagwe.

Tuliporudi nikakwambia uhamishe vitabu, koti na viatu vizito uviweke chini. Ukakataa. Nikakwambia la mkononi likizidi watalipima mlangoni, na hapo bei ni kali kuliko popote. Ukasema utalibeba kwa namna ambayo halitaonekana zito. Nikasema fanya ninavyokwambia. Ukaniuliza swali ambalo ni la haki kabisa: "Kwa sababu gani, Mama? Wewe mwenyewe walikupotezea, halafu wewe ndiye unaniambia niwaamini?"

Sababu ninayo. Nimekuwa nayo miaka kumi na miwili. Ila sikuweza kuitoa bila kutoa na mengine, ndiyo nikapandisha sauti, na mwanangu nakuomba radhi kwa sauti ile.

Sasa sikiliza.

Nilipokwenda Uarabuni kufanya kazi ya nyumbani ulikuwa na miaka minne. Tiketi niliyopewa na wakala iliruhusu kilo thelathini. Begi langu lilikuwa lile la kahawia la babako lenye zipu mbovu, nimelizungushia kamba, na ndani mna magauni mawili, kanga doti moja, Biblia na sabuni. Nikaliweka kwenye mizani kule uwanjani Changamwe. Kilo tisa. Dada wa kaunta akaniuliza kwa upole, "Mama, mzigo wako ni huu tu?"

Hakuwa na ubaya wowote. Lakini nyuma yangu kulikuwa na watu wanasukuma vigari vilivyojaa, nikaona kama uwanja mzima umenyamaza unasikiliza kilo zangu. Nikamjibu, "Mwingine umetangulia."

Umetangulia wapi, Sidi? Na nani? Ndege sijapanda, uongo nimeshaanza.

Tangu siku ile nikajiapiza moyoni kwamba nitakaporudi, mizani ile itanitambua. Kila mwezi nikipata mshahara, natuma wenu, kinachobaki nanunua kitu nasukuma chini ya kitanda. Pasi. Vikombe vya maua. Mablanketi mawili, na Mombasa hii ilivyo, unajua blanketi zito lina kazi gani. Chupa kubwa za chai, tatu. Na mapazia. Ah, yale mapazia! Rangi ya zambarau, yana nyuzi za dhahabu chini na vishada vya kufungia. Nyumba tuliyokuwa tumepanga wakati ule ilikuwa na madirisha mawili, na moja lilikuwa halifunguki. Mimi nilinunua mapazia ya madirisha sita. Nilikuwa nikiwaona majirani wakisimama mlangoni, mkono kifuani, wakishangaa na kuniita, "Kadzo!" Hayo tu. Nilifanya kazi miaka mitatu nikiisikia sauti hiyo.

Ukaja kunipigia kwa simu ya Hawe, masika ya mwaka wa mwisho. Ulikuwa umetimiza miaka saba. Ukaniambia, "Mama, matope yamekula kiatu changu." Ukanieleza kwamba sasa unakwenda shule pekupeku, viatu mkononi, na ukifika unaosha miguu kwenye mfereji wa shule ndipo unavaa. Ulinieleza kwa furaha, kama mchezo. Mimi nikakaa jikoni kwa watu nikalia.

Ijumaa ile nilipopata ruhusa nikaenda kutafuta gambuti. Mji wenyewe hauna mvua, Sidi. Nimeingia maduka sijui mangapi, wauzaji wananitazama kama mtu anayeuliza sweta la mbuzi. Mwisho nikazipata kwenye duka la vifaa vya bustani, jozi moja tu ya mtoto, za manjano, mbele zina macho mawili ya chura. Nilipokwambia kwenye simu ulipiga ukelele mpaka Hawe akaja mbio akidhani umeungua.

Siku ya kurudi nikafika uwanjani mapema, mabegi mawili na mfuko. Nilijua nina kilo thelathini, na nilijua nimezidisha. Wenzangu walikuwa wameniambia, "Ongea nao vizuri, watakuachia." Nikaongea vizuri. Mizani ikasema arobaini na sita. Kijana wa kaunta akaniandikia bei ya zile kilo kumi na sita kwenye karatasi akanigeuzia. Ilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Akanionyesha pembeni, kwamba nikapunguze kisha nirudi.

Nikakaa sakafuni nikafungua kila kitu. Vikombe, chupa, mablanketi, chupi zangu, vyote hadharani, watu wanapita. Nilikuwa nimevaa baibui maana ndivyo kazi ile ilivyotaka, nikapata wazo la kuvaa magauni chini yake. Nikaenda msalani nikarudi na magauni matatu mwilini. Bado.

Nyuma yangu alikuwapo mama mmoja wa kwetu Kenya, aliniambia anaitwa Nyambura na anatoka Nakuru, naye alikuwa akirudi kutoka kazi kama yangu. Mzigo wake ulikuwa umeshapita mizani. Angeweza kwenda zake. Akakunja gauni lake akakaa sakafuni na mimi.

"Usilie, dada. Tuanze na vile vitu hakuna kwenu. Hii pasi, Mombasa iko?"

"Iko."

"Toa. Hizi chupa?"

"Ziko."

"Toa. Na hizi pazia?"

Nikazivuta kwangu. "Hizi ni za nyumba."

Hakubishana. Akaendelea na vikombe. Tulipofika karibu, imebaki kilo moja hivi ya kutoa, akashika gambuti akazigeuza akaona yale macho ya chura, akacheka. "Za mtoto?"

"Za binti yangu."

"Basi tutoe pazia moja."

Sidi, nitaandika hapa nilichofikiri, kwa maneno yenyewe, kwa sababu nimechoka kukibeba. Nilifikiri: mapazia yataonekana. Gambuti ataziona nani, si matope tu? Mtoto atasahau.

Nikazitoa gambuti.

Nyambura akaniangalia, akasema, "Nipe mimi. Begi yangu ya mkono iko na nafasi. Tukifika Nairobi nakurudishia." Nami badala ya kusema asante nikamshuku. Nikawaza, huyu ananitakia nini? Nikamwambia, "Ziache tu, zina tundu." Hazikuwa na tundu. Zilikuwa mpya, karatasi bado imo ndani. Akasema, "Sawa, dada," akanipiga bega kidogo akaenda.

Najua utasema, na utasema kweli, kwamba mtu habebi vitu vya asiyemjua. Kifurushi kilichofungwa usikiguse kamwe, hata anayekupa awe analia. Lakini zile zilikuwa gambuti mbili wazi sakafuni, na aliyekuwa akijitia hatarini alikuwa yeye, kwa ajili yangu. Sikumwona tena. Nairobi nilimtafuta kwa macho kwenye foleni ya pasipoti, sikumwona, na mpaka leo nikisikia mtu anatoka Nakuru namtazama mara mbili.

Gambuti nikaziweka kando ya nguzo, zimesimama pamoja. Nikaondoka na mapazia.

Sasa cheka, kwa sababu sehemu inayofuata ni ya kucheka.

Nilipotua Nairobi nilikuwa na tiketi ya pili ya kunileta Mombasa. Tiketi hii alikuwa amenikatia babako, ndege nyingine kabisa, kampuni nyingine. Sikuwa nimeisoma. Kwangu mimi safari ni moja, sheria ni moja. Nafika kaunta na kilo zangu thelathini, nimejisifu kwamba sasa niko sawa, dada ananiambia, "Mama, hii ni kilo ishirini." Nikamwambia, "Lakini kule wameniruhusu thelathini." Akasema, "Kule ni kule."

Kama ningesoma tiketi zote mbili nikiwa bado chumbani kwangu, ningejua tangu mwanzo kwamba kilo zangu ni ishirini, maana ile ndogo ndiyo inayokufikisha nyumbani. Ningechagua mara moja, kitandani, nimetulia, bila mtu kunitazama. Na mtu aliyetulia hachagui mapazia.

Nikarudi msalani. Nikatoka na magauni sita, baibui juu. Bado kilo saba. Na yale mapazia, Sidi, peke yake yalikuwa kilo saba.

Kulikuwa na mama anapiga deki pale. Nikamwita nikamkabidhi. Akayakunjua, zile nyuzi za dhahabu zikamwagika mpaka chini, akaniuliza, "Unanipea kweli?" Nikasema kweli. Akanikumbatia na ufagio wake. Yule mama, popote alipo, ana madirisha mazuri kuliko yetu. Naomba awe na madirisha sita.

Na unajua jambo linaloniuma zaidi? Sikuuliza bei. Kule Uarabuni nilikuwa nimeandikiwa ile karatasi ikanitisha, basi Nairobi nikaona haya hata kuuliza. Babako aliponipokea akaniuliza, "Kwani kilo moja wanatoza ngapi?" Sikujua. Akaenda mwenyewe kaunta, yeye haoni haya ya kuuliza chochote, akarudi na bei. Kilo saba zile zingegharimu kidogo kuliko teksi tuliyopanda siku ile kurudi nyumbani.

Kwa hiyo niliziacha gambuti zako ili nibebe mapazia, na mapazia nikayaacha kwa kuogopa swali moja.

Sasa hapo ndipo nilipokukuta wewe. Huwezi kukumbuka vizuri, lakini Hawe anaikumbuka yote na huisimulia kila Krismasi. Ulikuwa umesimama kwenye uzio wa wanaopokea, gauni la Jumapili, nywele zimesukwa. Nilitoka mlangoni nimevaa magauni sita na baibui, joto la Mombasa likanipokea, jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu, natembea kama pipa. Uliniangalia ukamvuta Hawe kanga.

"Hawe, huyu mama mnene ni nani?"

Miaka mitatu, mwanangu, na hilo ndilo neno lako la kwanza. Nilitaka kulia, nikashindwa kwa sababu babako alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko. Ulinipa mkono kama unampa mgeni, ukaniamkia shikamoo. Ndani ya teksi ulikaa mbali.

Tulipofika nyumbani Hawe akafunga mlango, akasema, "Haya, vua, utakufa." Nikaanza kuvua. Baibui. Gauni la kwanza. La pili. Ulikuwa umesimama kwenye pembe ya kabati, macho yamekutoka. La tatu, ukaanza kucheka. La nne, ukasogea. Ukawa unapiga makofi kila moja likianguka, "Mama mwingine! Mama mwingine!" Nilipofika kwenye lile la mwisho, la kijani, nililokuwa nimelivaa siku niliyoondoka, ukaacha makofi. Ukaja ukashika pindo lake. Kisha ukapanda mapajani mwangu na vumbi lako lote, na sikukutoa mpaka ukalala.

Katika maisha yangu sina siku iliyoizidi hiyo kwa furaha. Na katika siku hiyo hiyo ndipo nilipokudanganya. Kabla hujalala uliniuliza, sauti imeshalegea, "Mama, gambuti ziko wapi?"

Wote walikuwa wakisikiliza. Nikasema, "Watu wa ndege wamezipoteza."

Ukafikiri. Ukanishika shavu ukaniambia, "Usilie Mama. Labda zimekwenda kwa mtoto mwingine mwenye matope."

Usiku ule ule nikamwambia babako ukweli. Akasema, "Mwambie mtoto. Ana miaka saba, atakusamehe kabla ya chai." Nikasema nitakwambia ukikua kidogo. Wewe ukaanza kumtuma yeye: "Baba, ukitoka kazini pitia uwanja wa ndege uwaulize." Kwa wiki mbili babako, mtu ambaye hajui kusema uongo, alikuwa akiingia nyumbani jioni anakwambia, "Bado," huku akiniangalia. Mwisho akashindwa, akaenda soko la Kongowea akakununulia gambuti nyeusi, kubwa kwako nambari tatu, akazijaza magazeti mbele. Ulizivaa mpaka zikakutosha, kisha mpaka zikakubana. Kila asubuhi ya mvua nilikuwa nakuona ukipita kwenye dimbwi la pale kona ukirukaruka nazo, nami nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, nafurahi na naona haya kwa pamoja. Mtu anaweza, usidhani hawezi.

Ulipokua ikawa vigumu zaidi. Ile hadithi ikawa yako. Ukaisimulia shuleni, ukaiandikia insha, mwalimu akakupa alama nzuri. Ningeanzia wapi?

Jana, mbele ya mizani ya Bi Zuhura, nikaona uongo wangu umekuwa na uzito wake. Mwanangu anataka kubeba kilo kumi na nne begani kutoka hapa mpaka Ankara, abadilishe ndege, apande ngazi, agombane na watu mlangoni, kwa sababu ya neno moja nililolisema nimechoka mwaka ule.

Basi ukweli ni huu. Hakuna aliyepoteza gambuti zako. Niliziacha mimi, kwa hiari yangu, kando ya nguzo, ili watu waseme "Kadzo!" Mabegi yangu, ya kwenda na ya kurudi, hayajawahi kupotea hata mara moja. Yapo ya watu yanayopotea kweli, ndiyo maana babako amekuandikia jina na nambari kwenye kadi mbili, moja nje na moja ndani juu ya nguo. Vyeti vyako, dawa, simu na ile betri ya kuchajia, hivyo shika mwenyewe, na ile achari aliyokupa Bi Zuhura iwe chini, imefungwa mifuko mitatu, maana mkononi wataitupa nawe utalia. Vingine, Sidi, viachie ndege.

Na ukiona vimezidi, uliza. Babako ameuliza habari ya begi la pili, na kulilipia mapema kwenye simu ni nafuu sana kuliko kulilipia kaunta. Akasema yuko tayari. Mimi ndiye niliyetaka kukataa kabla ya kusikia bei, unaona nilivyo bado.

Ulipotoka leo, nilisimama mbele ya lile begi lako dogo, mkono wangu ukiwa kwenye zipu. Nilitaka kulipanga upya mimi mwenyewe, kimyakimya, ukirudi ukute mambo yamekwisha. Nikaifungua inchi moja nikaona koti, na juu ya koti picha yetu ile ya Krismasi, umeizungushia soksi isivunjike kioo. Nikafunga. Begi ni lako. Utapanga wewe, baada ya kusoma au kabla, utakavyo. Hata ukiamua kwenda na kumi na nne begani, nitakusaidia kulivaa.

Nimekatizwa kidogo. Ilikuwa simu yako, na mkaongea wawili kwa zamu. Ulianza wewe, "Mama," nikaitika, nikasikia lango la Hawe likibamizwa huko. Ukasema mnakuja pamoja, Hawe amekataa kukuagia Jomvu, ataagia uwanjani kama watu wengine, na ameshonesha gauni la safari ingawa hasafiri. Kisha akakunyang'anya simu.

"Kadzo, nasikia huko wanapima kila kinachopita mlangoni."

"Mizigo, Mama. Watu hawapimwi."

"Una hakika? Maana mimi kilo zangu sitaki zisomwe mbele ya watu."

Nilikusikia nyuma yake ukicheka mpaka ukapaliwa. Kwa kicheko hicho nimeumaliza ukurasa huu.

Barua hii utaikuta juu ya begi lako dogo. Isome kabla hujalifunga, na ukipenda uirudie ukishaketi kwenye kiti chako ndani ya ndege. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie huko huko juu, una saa nyingi na hakuna atakayekukatiza. Nimestahili, wala usinipunguzie. Ukishuka, chukua begi lako, kisha nipigie uniambie mambo mawili tu: kama kuna baridi kama walivyosema, na kama hasira bado unayo.

Simu itakuwa mkononi mwangu, na nitaipokea kabla haijalia mara ya pili.

Mamako,
Kadzo